Lita Themanini na Nne za Kipriani

Nyumba ya Kipriani ilikuwa ikinywa maziwa mabichi lita themanini na nne kwa wiki!

Usinicheke mimi. Zimo kwenye fomu, kwa wino wa bluu, na chini yake kuna sahihi ya Kipriani mwenyewe, ile sahihi yake yenye mikia mitatu. Nilishuhudia kwa macho haya mawili, maana fomu ilijazwa kwenye benchi la duka langu.

Mimi ni Nurudini, mwenye duka hapa Busunzu, wilaya ya Kibondo. Nauza chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Benchi siuzi, lakini ndilo linalotumika kuliko bidhaa zote. Kipriani ni jirani yangu, ua wake umepakana na ukuta wa duka, na benchi lile alilikalia mpaka likachukua umbo lake. Chumvi alinunua mara chache.

Sasa tuhesabu taratibu. Nyumba ya Kipriani ina watu wanane: yeye, mkewe Pelagia, na watoto sita, kuanzia Immakulata aliyekuwa darasa la saba hadi Divine wa miaka mitatu. Zizini alikuwamo ng'ombe mmoja, Bihogo, mwekundu wa kienyeji, pembe kubwa chuchu ndogo. Kiangazi kile cha mwaka 2013 Bihogo alitoa lita mbili asubuhi. Jioni alikuwa na maziwa ya kumtosha ndama wake tu.

Na hizo lita mbili za asubuhi? Zilipanda baiskeli ya mchuuzi, zikaenda zao Kibondo mjini kuingia kwenye chai ya watu wasiomjua Bihogo hata kwa rangi. Nyumbani hazikubaki. Ila Jumapili jioni, Pelagia alimwibia ndama kikombe kimoja, na watoto sita wakakipokezana kama kikombe cha komunyo. Mkubwa anaonja, mdogo analamba ukingo.

Hayo ndiyo maziwa yote ya nyumba ile. Kikombe kimoja, Jumapili.

Lakini umsikie Kipriani kwenye benchi sasa!

"Nurudini, mimi maji nanawia tu," alikuwa akisema. "Kunywa ni maziwa. Sisi ni watu wa maziwa."

Babu yake, kwa maelezo yake, alikuwa na ng'ombe wengi kiasi kwamba wakitoka Murungu kwenda kunywa maji, wa kwanza anarudi ameshiba na wa mwisho bado anajinyoosha zizini. Kila mwezi ng'ombe hao waliongezeka, ingawa babu alikuwa marehemu wa miaka arobaini.

Kati ya ng'ombe hao wote, Kipriani hakurithi hata mkia. Alirithi miiko miwili. Wa kwanza: maziwa hayachemshwi, kwani ukiyatia motoni unamchoma ng'ombe chuchu, naye atakauka. Wa pili: maziwa na maharage hayakutani kwenye tumbo moja siku moja, kwani hapo pia ng'ombe atakauka.

Miiko hii haikumsumbua hata kidogo, kwa sababu nzuri sana: maziwa yenyewe hakuwa nayo. Watu wa nyumba ile walikula ugali wa muhogo kwa maharage kuanzia Jumatatu hadi Jumatatu, na Bihogo akanyonyesha kwa amani.

Basi Agosti ile mwenyekiti wa kitongoji akapita akitangaza. Kuna shirika, jina lake nalihifadhi, litatoa mtamba mmoja katika kitongoji chetu. Mtamba wa kisasa, mwenye mimba ya miezi mitano, bure! Kabla ya kutolewa, atakuja binti wa kuuliza kila nyumba inakunywa maziwa kiasi gani kwa wiki.

Mtamba apewe nani, kwa kigezo gani, mwenyekiti hakusema. Akapita na baiskeli yake, akatuachia kazi ya kubuni.

Pelagia alikuja dukani siku ile kununua chumvi. Ni mwanamke wa maneno machache, lakini siku ile aliyasema.

"Nurudini, nikimpata mtamba yule, Divine atakunywa maziwa kila siku. Kila siku! Sitaki kingine." Macho yake yalikuwa yameshalowa, naye akajifanya vumbi limeingia.

Kipriani, kutoka kwenye benchi, akacheka cheko la mkubwa. "Utampata, mama. Wewe niachie mimi. Nurudini, hebu nikuulize. Ukiwa na baiskeli ya kugawa, utampa mtu asiyejua kupanda?"

"Sidhani."

"Basi! Mtamba atapewa mtu anayejua maziwa. Mwenye mazoea nayo! Hawawezi kumkabidhi ng'ombe wa mamilioni mtu anayeonja maziwa kwenye kijiko."

Nakiri kosa langu hapa. Niliona hoja ile ina akili. Nikatikisa kichwa kukubali, na Kipriani akitikisiwa kichwa mara moja tu, hakamatiki tena.

Binti akaja siku ya Alhamisi. Jina lake Firdausi, mtu wa Kasulu, ushungi wa kijani, mkoba begani, viatu vya kutembelea kweli. Alianza kwa jirani wa upande wa pili wa Kipriani, Uwimana, mama mjane ambaye wazazi wake walikimbia kutoka Burundi naye akiwa mgongoni. Siku hizi ni raia kama mimi na wewe, na shamba lake la maharage ndilo zuri kuliko yote hapa. Anaishi na wajukuu watatu. Ng'ombe hana.

Uwimana alijibu akiwa anapepeta. "Yemwe, mwanangu! Maziwa? Nanunua nusu lita kila Jumapili. Nachemsha, tunakunywa, basi."

Firdausi akaandika nusu. Kipriani, aliyesikia kila kitu kupitia ua, alikuja mbio kwenye benchi kunipa habari huku anajipiga paja.

"Nusu lita! Tena anachemsha! Huyo ameshaondoka kwenye mashindano."

Zamu yake ilipofika, alikaa wima akakunja mguu.

"Mwidiwe, baba," Firdausi akasalimia. "Nyumba yako kwa wiki iliyopita ilikunywa maziwa mabichi lita ngapi?"

"Kwa wiki ni nyingi, binti. Uliza kwa siku."

"Haya. Kwa siku?"

Kipriani akatazama dari kama anayejumlisha. "Kumi na mbili."

Kalamu ya Firdausi ikasimama. Yangu pia ingesimama, ila sikuwa nayo.

"Kumi na mbili mara saba ni themanini na nne, baba."

"Kama ni themanini na nne, ni themanini na nne. Mimi sibishani na hesabu."

"Na una ng'ombe wangapi?"

"Wa hapa, au wa kule?"

"Wa kule ni wa wapi?"

"Murungu. Nimewaweka kwa watu. Mwenye ng'ombe wengi habanani nao uani, binti, anawaweka kwa marafiki. Maziwa yanakuja tu."

Pelagia alikuwa amesimama mlangoni na pakiti ya chumvi mkononi. Akafungua mdomo. "Baba Immakulata, huyu binti angeambiwa..."

"Pelagia!" Kipriani akamkata. "Kamwangalie ndama."

Pelagia akamtazama kwa muda. Kisha akaenda kumwangalia ndama. Mke wa Kiha akinyamaza namna ile, mume mwenye busara huhama kijiji kwa siku mbili tatu. Kipriani akaweka sahihi, mikia yote mitatu.

Ndipo Firdausi akakunja fomu na kutoa nyingine kwenye mkoba, ndefu zaidi.

"Asante sana, baba. Nyumba mbili tutazipima wiki nzima: inayokunywa zaidi kuliko zote, na inayokunywa kidogo kuliko zote. Kidogo ni kwa Mama Uwimana, na huko ndiko nitakakolala. Zaidi ni kwako. Naanza Jumatatu."

"Kupima nini tena? Si nimeshasema?"

"Fomu ya pili haiandiki yaliyosemwa. Inaandika yaliyonywewa."

Kipriani akaukunjua ule mguu.

Hapo hapo angeweza kucheka na kusema, binti, nilikuwa nakutania. Dunia ingesamehe! Lakini Kipriani hajawahi kupunguza hata ng'ombe mmoja wa babu yake, sembuse lita zake mwenyewe.

"Karibu sana," akasema. "Uje na kalamu mbili."

Jumatatu, kabla jogoo hajamaliza, Kipriani alikuwa njiani kwenda Murungu na madumu mawili. Huko hakuwa na ng'ombe, ila alikuwa na shemeji, kaka yake Pelagia, mwenye ng'ombe wa kweli na moyo mzuri. Akarudi na lita kumi. Mbili za Bihogo zikazuiwa zisipande baiskeli ya mchuuzi. Kumi na mbili kamili!

Firdausi alikuja na jagi la plastiki lenye mistari. Akapima, akaandika, akakaa kwenye kigoda akawatazama.

"Haya, kunyweni."

Ikawa kunywa. Watoto siku ile walikuwa na furaha ya Krismasi. Divine alikunywa kikombe, akadai cha pili, akapewa! Nilipita nikamwona na masharubu meupe, na nasema kweli, roho yangu ilifurahi. Tatizo ni kwamba mtoto wa miaka mitatu akishiba ameshiba, na bado jagi limejaa. Kilichobaki kilikuwa cha baba mwenye nyumba.

Kipriani alikunywa lita nne na nusu. Ya nne aliinywa amesimama. Ya mwisho aliinywa ameshika nguzo.

Sasa, tumbo la mtu aliyelelewa kwa muhogo na maharage, ukilimiminia maziwa mabichi lita nne kwa siku, haliulizi ng'ombe wa babu yako walikuwa wangapi. Kuanzia jioni ile, njia ya kwenda choo cha Kipriani ilikanyagwa kuliko barabara ya Kasulu. Watu wanane, tundu moja! Immakulata alianzisha foleni, na baba yake akajaribu kuivunja kwa cheo.

"Baba, kila mtu asubiri zamu," nikamsikia binti akisema.

Jumanne shemeji akatoa lita tano tu, akauliza kama nyumbani kuna msiba. Kipriani akapitia kisimani na madumu yakajaa tena. Kumi na mbili kamili!

Firdausi alitoa kwenye mkoba kijiti cha kioo chenye namba, kile kinachoelea kwenye maziwa. Akakitumbukiza. Kikazama mpaka shingoni.

"Baba, hawa ng'ombe wa Murungu wamevuka mto leo?"

"Kule maji mengi," akasema Kipriani. "Wanakunywa sana."

Firdausi hakucheka. Akaandika lita saba za maziwa, na kwenye mstari wa chini akaandika lita tano za maji. Fomu ile, kumbe, ina mstari wa maji.

Lakini mateso ya kweli hayakuwa choo wala kijiti. Yalikuwa mwiko wa pili. Siku ya maziwa si siku ya maharage, na sasa kila siku ilikuwa siku ya maziwa! Kulikuwa na gunia zima la maharage mapya ndani, na Kipriani akalifunga kamba, akakalia juu yake.

"Anayegusa maharage anamuua Bihogo," akatangaza.

Kufikia Jumatano watoto walikuwa wakiyaota maharage. Ugali wa muhogo kwa maziwa, asubuhi, mchana, jioni. Na kwa Uwimana, ng'ambo ya ua, kila mchana chungu kilichemka na harufu ikavuka bila kuomba ruhusa.

Mmoja mmoja, watoto wakaanza kupata safari za kwa Uwimana. Huyu ameenda kuomba moto. Huyu amepeleka ungo. Divine hakuwa na sababu yoyote, alipita chini ya ua tu.

Kipriani akashtuka. Jioni akawapanga mstari, akawa ananusa midomo yao kama trafiki anayetafuta walevi.

"Toa pumzi! Tena!"

"Haa."

"Hii ni vitunguu. Vitunguu umekula wapi?"

"Nilipita karibu navyo, baba."

Mimi dukani nilicheka mpaka nikakosea chenji. Leo nikikumbuka sicheki sana. Mtoto mwenye njaa akinuswa mdomo na baba yake si jambo la kuchekesha sana, na ningeweza kuvuka ua nikamwambia jirani yangu yatosha. Sikuvuka. Nilikuwa nataka kuona mwisho.

Alhamisi shemeji akafunga zizi. Akatuma salamu kwamba hata yeye ana watoto. Zikabaki lita mbili za Bihogo peke yake, na sifa ya lita kumi na mbili.

Kipriani akapata wazo. Kama ndama asingenyonya, maziwa ya ndama yangekuwa ya fomu! Akamchukua ndama usiku, akamfungia chumba cha nyuma, akamwekea majani.

Mfugaji yeyote unayesoma hapa umeshaguna. Ng'ombe wetu wa kienyeji hamwachilii mtu maziwa hivi hivi. Lazima ndama aanze, anyonye kidogo, mama ajue mtoto yupo, ndipo ateremshe. Bila ndama, anayazuia. Unaweza kukamua mpaka vidole vikuote sugu! Mjukuu wa mwenye ng'ombe wote wa Murungu hakulijua hilo, kwa sababu mkamuaji wa nyumba ile siku zote alikuwa Pelagia.

Asubuhi akakaa chini ya Bihogo na ndoo, Firdausi pembeni na kalamu. Akavuta. Hakuna. Akavuta kwa heshima, akavuta kwa hasira, akamwimbia. Ndama akalia ndani, Bihogo akasikia, akageuza kichwa akamtazama Kipriani, na mguu wa nyuma ukaja.

Ndoo iliangukia upande wa Uwimana. Kipriani aliangukia upande wangu.

"Sifuri," Firdausi akasema polepole huku anaandika.

Pelagia akatoka ndani. Hakumwinua. Alisimama juu yake, mikono kiunoni.

"Baba Immakulata, mrudishe ndama."

"Bado siku mbili tu, mama. Tunakaribia mtamba!"

"Unamkausha huyu uliye naye kwa ajili ya yule usiye naye."

"Nitamrudisha Jumapili."

Pelagia akanyamaza tena ule unyamavu wake. Ilikuwa mara ya pili kwa siku nane, na mimi kama mume ningeshaanza kufunga mizigo.

Siku hiyo hiyo, Ijumaa, nilifunga duka nikaenda kuswali. Wakati wa kurudi nikapitia kwa Uwimana kuchukua kilo zangu za maharage. Nikazunguka nyuma ya jiko, na hapo nikasimama.

Kipriani alikuwa amechuchumaa kati ya jiko na migomba, bakuli mikononi, anakula maharage kwa kijiko cha kupikia. Alikuwa amefumba macho. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya moshi.

"Baba Immakulata!" nikaita.

Akaruka. Mdomo ulijaa hadi masikio yakacheza. Kabla hajameza, mlango wa jiko ukafunguka akatoka Firdausi na fomu ya Uwimana, na nyuma yake Uwimana mwenyewe na mwiko.

"Chakula cha mchana," Firdausi akasoma kwa sauti huku anajaza. "Walaji wa nyumbani wanne. Walaji wa nje..." Akamtazama Kipriani. "Mmoja."

"Usiandike!" Kipriani akasema, na punje mbili zikatoka pamoja na neno. "Binti, nakuomba! Asubuhi nimemalizia maziwa ya jana. Ukiandika, ng'ombe atakauka!"

"Ng'ombe yupi, baba? Wa hapa, au wa kule?"

Uwimana akaangua kicheko, akashikilia mlango. "Yemwe! Jirani, mbona watoto wako wamekula hapa tangu Jumatano na Bihogo hajakauka? Kaa ule kwa raha, basi. Kukalia visigino ni kwa wezi."

Unadhani aliondoka? Alikaa kwenye kigoda, akamaliza bakuli, akaongezewa. Na hata hapo, na maharage kifuani, hakukiri hata lita moja! Alimwambia Firdausi kwamba alikuja kuonja tu, kama mtu mwenye uzoefu, kumshauri Uwimana juu ya chumvi.

Jumamosi Pelagia alimtoa ndama mwenyewe, bila kuomba ruhusa ya mtu. Ndama alikimbilia mama yake, akasukuma, akasukuma tena. Siku mbili za kuzuia si mchezo, chuchu zilikuwa zimeanza kulegea. Yalitoka kidogo. Kufikia jioni hakikutoka kitu.

Bihogo alikuwa amekauka.

Hakuna aliyechemsha maziwa yake hata tone. Aliyemkausha ni mlinzi wa miiko mwenyewe, kwa mikono yake miwili. Pelagia alikaa zizini akalia, na Kipriani akazunguka ua mara nne akitafuta wa kumlaumu. Akaishia kuwatazama kuku.

Jumapili baada ya ibada tukakusanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Kipriani alivaa koti. Alikaa mbele kabisa kwenye dawati la darasa la pili, magoti yakimgusa kidevu, akitabasamu kwa uhakika. Ng'ombe amekauka, ndiyo. Lakini mtamba anakuja!

Firdausi akasimama. "Ndugu zangu, mtamba wa kitongoji hiki anakwenda kwa Mama Uwimana."

Uwimana akajishika kichwa. Makofi yakalia. Kipriani akasimama, na dawati likasimama naye.

"Hapana! Binti, umesoma fomu juu chini! Huyo anakunywa nusu lita! Mimi themanini na nne!"

"Ndiyo, baba. Ndiyo maana. Mtamba huyu ni wa nyumba ambayo watoto wake hawapati maziwa. Tunaanza na anayekunywa kidogo kuliko wote. Ninyi mmeshatosheka."

"Lakini hukutuambia!"

"Tungewaambia, kila mtu angesema hanywi. Tulitaka mseme kweli tu."

Ndipo Pelagia akasimama nyuma, Divine akiwa mgongoni. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilifika ubaoni.

"Binti, nyumba yangu ilikuwa inakunywa kikombe kimoja. Jumapili jioni. Watoto sita wanapokezana. Ng'ombe wa Murungu ni wa kaka yangu. Siku ile dukani nilitaka kukwambia, nikatumwa kumwangalia ndama."

Firdausi akafungua fomu zake, akazitazama, akazifunga. Uso wake ulikuwa wa mtu mwenye huruma, na huo ndio uliouma.

"Mama, kikombe ni robo lita. Kama ingeandikwa siku ile, nyumba yako ingekuwa chini ya Mama Uwimana. Mtamba angekuwa wako. Sasa imetiwa sahihi, siwezi kuifuta."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitaka, nikashindwa. Nilimwona Kipriani akiketi polepole kwenye dawati lile dogo, akatazama mikono yake iliyoandika mikia mitatu. Hatimaye akageuka kumtafuta mkewe. Pelagia alikuwa ameshatoka.

Nyumbani kwake wiki ile kulikuwa na ukimya ambao hata kuku waliuheshimu. Kamba ya gunia la maharage Kipriani aliifungua mwenyewe.

Mtamba wa Uwimana alizaa kabla ya Krismasi. Lita nane kwa siku! Na Uwimana, ambaye hakuwahi kuwa na babu mwenye ng'ombe hata wa kusimuliwa, alichemsha maziwa yake kila asubuhi kwenye sufuria kubwa, na ng'ombe akaendelea kujaza ndoo bila kujali. Kila siku Divine alipita chini ya ua na kikombe chake. Kila siku kilirudi kimejaa. Pelagia akaanza kusema na mumewe tena mnamo Februari.

Bihogo alinenepa lakini maziwa hayakurudi, alikuwa anangoja mimba nyingine. Kipriani akapunguza benchi. Ng'ombe wa babu wakapungua pia, kwa kasi ya ugonjwa. Mara ya mwisho nilipowasikia walikuwa wamebaki sita.

Agosti ya mwaka uliofuata Firdausi akarudi na ushungi ule ule na fomu mpya. Akamkuta Kipriani dukani kwangu, anakunywa maziwa ya moto kwenye kikombe cha Divine, na kando yake sahani ya maharage. Alikuwa anachovya.

"Mwidiwe, baba. Wiki iliyopita, nyumba yako ilikunywa lita ngapi?"

Kipriani akafuta mdomo. Akanitazama mimi, akatazama ua, akashusha pumzi ndefu.

"Binti," akasema, "kamuulize Uwimana. Yeye ndiye anayetupimia."